Je, Wajua? Toba na Unyenyekevu kwenye Njia ya Misafara

Njia ya kale ya misafara ilitoka Bagamoyo, ikapanda milima ya Usagara, ikakata mbuga kavu za Ugogo, ikapumzika Tabora, kisha ikateremka mpaka Ujiji kando ya Ziwa Tanganyika. Ilipitisha pembe za ndovu, vitambaa, shanga na bunduki. Ilipitisha pia binadamu waliofungwa minyororo. Katika njia hiyohiyo iliyobeba dhambi nzito namna hiyo ndimo ilimopita imani ya Kikristo kuelekea bara. Leo safu yetu inakusanya habari za watu walioipita njia hiyo au kuishi kando yake: waliojishusha, waliogeuka, waliosamehe na waliobeba mizigo ya wenzao. Twende mwendo wa mpagazi, hatua fupi na za haraka.

MANENO YA NJIANI

1. Je, wajua kwamba maneno toba, imani, dhambi na sadaka yote yana asili ya Kiarabu? Yaliingia Kiswahili pwani, yakapanda bara pamoja na lugha ya biashara. Wamisionari walipofika Unyanyembe, nchi ya Tabora, katika miaka ya 1870 waliyakuta yamekwisha tangulia. Hadi leo Mkristo wa Tabora na jirani yake Mwislamu wanatubu kwa neno moja.

2. Kwaresima, je? Hilo ni la Kireno, Quaresma, lenye maana ya arobaini. Lakini ukihesabu kutoka Jumatano ya Majivu hadi Jumamosi Kuu utapata siku 46. Zinazozidi ni Jumapili sita, ambazo hazihesabiwi kuwa siku za kufunga, kwa kuwa kila Jumapili ni ukumbusho wa Ufufuko.

3. Je, wajua kwamba hongo halikuwa neno la aibu? Hongo ilikuwa ushuru wa njia. Msafara ulipoingia nchi ya mtemi, ulilipa vitambaa, shanga au waya ndipo ukaruhusiwa kupita na kuchota maji. Ugogo ilijulikana kwa hongo zake nzito. Leo neno hilo limebaki na maana ya rushwa. Ndiyo maana habari ya Zakayo mtoza ushuru, katika Luka 19, inaingia vizuri masikioni mwa watu wa njia hii: aliahidi kuwapa maskini nusu ya mali yake, na kila aliyemdhulumu amrudishie mara nne. Toba yake ilikuwa na hesabu.

4. Aliyetangulia mbele ya msafara aliitwa kirangozi, ndugu wa neno letu kiongozi. Hakuwa tajiri mwenye mali, maana alitoka miongoni mwa wapagazi wenyewe, akatembea kwa miguu kama wao na kuonja kiu ileile.

5. Mzigo wa kawaida wa mpagazi ulikuwa kama kilo 30, akaubeba kichwani au begani kwa miezi, na safari ya Bagamoyo hadi Tabora peke yake ilichukua takribani miezi mitatu. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Aliyeutua na kuubeba tena kila alfajiri alijua kwamba usufi huo una uzito wa risasi. Unyenyekevu huanza hapo, pale unapoacha kuupima mzigo wa mwenzako kwa macho.

6. Je, wajua kwamba katika Kiebrania cha Agano la Kale, kutubu ni neno la safari? Kitenzi chake ni shuv, kugeuka na kurudi ulikotoka. Wagiriki wa Agano Jipya walisema metanoia, kubadilika kwa nia. Mswahili wa pwani alikuwa na yake ya baharini: mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani.

7. Simulizi za wenyeji zasema jina Tabora limetoka kwenye matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, chakula cha akiba cha mkulima na msafiri. Mji uliopokea sultani, mpelelezi, askari na kardinali umebeba jina la chakula cha mtu wa kawaida.

8. Tangu mwaka 2006 njia hii imo katika orodha ya awali ya Tanzania ya maeneo yanayopendekezwa kuwa urithi wa dunia wa UNESCO. Vituo vyake ni Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji.

TEMBE LA KWIHARA

9. Mmisionari na mpelelezi David Livingstone alifika Ujiji Oktoba 1871 akiwa mgonjwa, amekonda, na mali yote aliyotumiwa kutoka pwani imekwisha uzwa na mtu aliyekabidhiwa kuitunza. Alikuwa ametoka Manyema, ng'ambo ya ziwa. Je, wajua alifanya nini huko muda wote aliokwama? Aliisoma Biblia nzima mara nne.

10. Baada ya mwandishi wa habari Henry Stanley kumkuta Ujiji, wawili hao walikuja pamoja hadi Kwihara, kilomita chache kutoka Tabora mjini, Februari 1872. Stanley aliondoka kwenda pwani tarehe 14 Machi. Siku tano baadaye Livingstone alitimiza miaka 59, akiwa peke yake ndani ya tembe. Katika shajara yake ya siku hiyo hakuandika manung'uniko. Aliandika sala fupi ya kujitoa upya kwa Yesu, nafsi yake yote, kama mtu anayeanza imani leo.

11. Je, wajua kwamba maneno yaliyochongwa kwenye kaburi lake ndani ya Westminster Abbey, London, yaliandikwa hapohapo Unyanyembe? Ilikuwa tarehe 1 Mei 1872. Alikuwa akimalizia barua kwa gazeti la New York Herald kuhusu biashara ya watumwa, akamwombea baraka za mbinguni yeyote atakayesaidia kuliponya donda hilo la dunia, awe Mmarekani, Mwingereza au Mturuki. Hakuuliza dini ya mponyaji.

12. Alisubiri Kwihara zaidi ya miezi mitano, mpaka wanaume 57 waliotumwa na Stanley walipowasili Agosti. Mzee aliyezoea kwenda alijifunza kukaa. Tembe alimoishi limefanywa makumbusho.

WALIOBEBA

13. Mei 1873, katika kijiji cha Chitambo, nchi ambayo leo ni Zambia, wafuasi wa Livingstone walimkuta amekufa akiwa amepiga magoti kando ya kitanda, uso ndani ya viganja. Walizika moyo wake chini ya mti, na kijana mmoja msomi akasoma ibada ya maziko. Kisha wakaukausha mwili na kuanza safari ya miezi tisa kuelekea pwani.

14. Je, wajua kwamba safari hiyo nusura iishie Tabora? Oktoba 1873 walimkuta Unyanyembe Luteni Verney Lovett Cameron, Mwingereza aliyekuwa ametumwa kumtafuta Livingstone. Akawashauri wamzike pale pale. Walikuwa wapagazi na watumishi mbele ya ofisa, lakini walikataa. Abdullah Susi, James Chuma na wenzao walikuwa wamekwisha amua kwamba Livingstone atarudi kwao. Kujishusha hakukuwafanya wasiwe na msimamo.

15. Mbele kidogo ya Unyanyembe, huko Kasekera, wenyeji walikataa maiti ipitishwe katika nchi yao. Wabebaji walifunga mabua yakafanana na maiti, wakayarudisha nyuma hadharani kana kwamba wanakwenda kumzika Unyanyembe. Mwili wenyewe waliufunga upya ukaonekana kama robota la nguo, ukapita katikati ya mizigo mingine.

16. Bagamoyo walifika Februari 1874, mwili ukapokewa katika misheni ya Mapadre wa Roho Mtakatifu. Baada ya hapo? Wengi wao walilipwa ujira wao, wakaambiwa kwaheri. Chuma na Susi walifika Uingereza baadaye, mazishi ya tarehe 18 Aprili 1874 yakiwa yamekwisha pita, wakasaidia kueleza mambo ya shajara yaliyochapishwa mwishoni mwa mwaka huo. Waliobeba walichelewa kwenye mazishi ya waliyembeba.

17. Je, wajua kwamba Susi, aliyemtumikia Livingstone miaka mingi, hakuwa Mkristo wakati huo? Alibatizwa Zanzibar mwaka 1886, miaka 13 baada ya kifo cha bwana wake, akachagua jina David. Hapakuwa tena na mtu wa kumpendeza. Aliamua mwenyewe, kwa wakati wake.

KIPALAPALA NA KAREMA

18. Msafara wa kwanza wa Wamisionari wa Afrika, maarufu kama White Fathers, uliingia bara mwaka 1878 kwa njia hii. Padre Joachim Pascal, kiongozi wa waliokuwa wakielekea Tanganyika, alifia Ugogo Agosti mwaka huo kabla hajaiona Tabora. Wenzake waligawana njia Tabora: wengine wakaenda Buganda, wengine Ujiji.

19. Mwanzilishi wao, Kardinali Charles Lavigerie, aliwaagiza wale chakula cha wenyeji, wavae mavazi yanayofanana na ya watu waliotumwa kwao, na wazungumze lugha yao. Ndiyo asili ya kanzu nyeupe na rozari shingoni. Padre aliyefika na elimu ya Ulaya alitakiwa aanze upya, akijifunza kusalimia kama mtoto.

20. Je, wajua kwamba Lavigerie alikataza haraka ya kubatiza? Mtu aliyetaka ubatizo alifundishwa na kutazamwa kwa miaka minne. Palikuwa na muda wa kujifunza sala, muda wa kuonyesha kwamba mwenendo umegeuka, na muda wa kufikiri tena. Wakuu wa misheni waliopenda hesabu kubwa waliona ni mwendo wa kobe. Lakini aliyefika kisimani baada ya miaka minne alijua kwa nini amekuja.

21. Leo tukisema Yesu ni Mkombozi, wengi wetu tunasikia neno la kanisani tu. Huko Kipalapala, karibu na Tabora, mwanzoni mwa miaka ya 1880 lilikuwa neno la sokoni. Kukomboa maana yake ilikuwa kulipa fidia mtu atolewe utumwani. Mapadre waliwakomboa watoto waliokuwa wakiuzwa, wakawalea hapo. Katekisimu haikuhitaji kuwaeleza watoto wale maana ya kukombolewa. Walikuwa na makovu ya kamba.

22. Njia hiyo ya kulipa fidia ilikuwa na walakini wake, maana fedha inayomkomboa mmoja humnenepesha muuzaji. Mwaka 1888 Lavigerie alizunguka miji mikuu ya Ulaya akitaka biashara yenyewe ikomeshwe. Kumfungua mfungwa ni huruma, na kuuvunja mnyororo ni haki. Kanisa lilidaiwa vyote viwili.

23. Sasa simama hapa kidogo, msomaji, maana huyu anastahili kituo. Je, wamjua Adrian Atiman? Alizaliwa karibu mwaka 1866 kando ya mto Niger, jirani na Timbuktu. Akiwa mtoto alitekwa na kuuzwa jangwani, hadi wamisionari walipomkomboa Algeria. Alibatizwa, akasomea utabibu Malta, na mwaka 1888 akatumwa Afrika Mashariki, bara lake lakini upande ambao hakuwahi kuuona.

Alifika Karema, kwenye ufuko wa Ziwa Tanganyika, mwaka 1889. Wakati huo wamisionari walikuwa wakifa kwa homa mwaka hadi mwaka. Atiman akakaa. Alitibu, akapasua, akang'oa meno, akazalisha, na jioni akafundisha katekisimu. Alijifunza pia dawa za miti kutoka kwa waganga wa nchi ile, kwa kuwa hakuona aibu kuwa mwanafunzi wao. Aliutumikia mji huo mdogo kwa miaka 67, mpaka alipofariki tarehe 24 Aprili 1956. Mwanawe Joseph akawa padre.

Mtu aliyewahi kuuzwa kwa bei alitumia maisha yake yote bila kujiwekea bei. Kama kuna mmoja wa kuulizwa maana ya unyenyekevu katika magharibi ya Tanzania, kaburi lake liko Karema.

24. Kipalapala iliachwa mwaka 1889 kwa sababu ya vita, ikarudi baadaye na kuwa na seminari kuu ya Mtakatifu Paulo pamoja na kiwanda cha uchapaji, TMP (Tabora Mission Press). Vitabu vya sala na vya dini vyenye jina la Tabora kwenye jalada vilienea katika nyumba nyingi za Wakatoliki wa Tanzania.

URAMBO NA SIKONGE

25. Mtemi Mirambo, aliyewahenyesha wafanyabiashara wa Tabora kwa vita, aliwapokea wamisionari wa London Missionary Society huko Urambo. Daktari Ebenezer Southon alianza kazi hapo mwaka 1879, akafa Julai 1882 baada ya risasi kumpata kwa bahati mbaya. Mirambo mwenyewe alifariki Desemba 1884 bila kubatizwa. Misheni ile ilipanda kwa karibu miaka 20 ikavuna kidogo sana, na mwaka 1898 ikawakabidhi Wamoravian shamba. Kukubali kwamba mwingine atavuna ulipolima ni toba ya aina yake.

26. Je, wajua kwamba Kanisa la Moravian ni la zamani kuliko la Kilutheri? Lilianza Bohemia mwaka 1457 miongoni mwa wafuasi wa Jan Hus, aliyechomwa moto mwaka 1415. Martin Luther alitoa hoja zake 95 mwaka 1517.

27. Uamsho wao ulizaliwa kutokana na ugomvi. Wakimbizi waliohamia Herrnhut, kwenye ardhi ya kabaila Zinzendorf huko Ujerumani, walikuwa wakigombana kwa mambo ya imani. Mwaka 1727 waliwekeana agano la kuishi kidugu, na tarehe 13 Agosti, kwenye Chakula cha Bwana, walilia na kupatana. Mwezi huohuo wakaanza zamu za maombi usiku na mchana, zikadumu zaidi ya miaka 100. Wamoravian wa Tabora, Sikonge na Urambo huikumbuka siku hiyo mpaka leo.

28. Wamisionari wao wa kwanza, mfinyanzi Leonard Dober na seremala David Nitschmann, walikwenda mwaka 1732 kisiwa cha St. Thomas, huko Karibiani, kwa ajili ya watumwa Waafrika, baada ya mtu mmoja aliyetoka utumwani, Anton, kuwaeleza hali ya ndugu zake. Kanisa lililoanza utume wake kwa watumwa upande mmoja wa bahari lilifika baadaye katika nchi ambako watumwa walitolewa upande wa pili.

29. Katika makaburi ya Herrnhut mawe kwa kawaida hulazwa chini, yanafanana kwa umbo na ukubwa, tajiri na fukara. Wamoravian hawakutaka mtu ajikweze hata akiwa mfu.

30. Mmisionari Edmund Dahl alikaa chini ya wazee wa Unyamwezi akajifunza lugha yao mpaka kamusi yake ya Kinyamwezi ikachapwa Hamburg mwaka 1915. Mwalimu alikuwa mwanafunzi kwanza. Na Mtanzania wa kwanza kuwa askofu wa Moravian nchini alikuwa Teofilo Kisanji, ambaye chuo kikuu cha kanisa hilo Mbeya kina jina lake.

WAFUNGWA WA IMANI

31. Je, wajua kwamba katika Vita vya Kwanza vya Dunia Tabora iligeuka kuwa jela ya wahubiri? Wajerumani waliwaleta hapa wamisionari wa Kiingereza wa mashirika ya Kianglikana, CMS na UMCA. Pamoja nao walikuja walimu na makatekista Waafrika, wakiwamo wa Ugogo na Ukaguru, walioshukiwa kuwa wapelelezi. Hao ndio walioonja minyororo na kazi ngumu zaidi. Majeshi ya Wabelgiji yalipouteka mji tarehe 19 Septemba 1916, milango ikafunguliwa. Walioteseka zaidi ndio ambao majina yao yameandikwa kwa uchache zaidi.

MWALIMU

32. Je, wajua kwamba Mwalimu Nyerere alisoma Tabora kuanzia 1937 bila kuwa amebatizwa? Mafundisho ya dini alianza kuyasikia akiwa mtoto wa shule Mwisenge, Musoma. Lakini hakukimbilia kisima. Alisubiri mpaka tarehe 23 Desemba 1943, akiwa na miaka 21, mwanafunzi wa Makerere, ndipo Kambarage akawa Julius. Alirudi Tabora akafundisha shule ya Mtakatifu Maria, ambako Padre Richard Walsh alimsaidia kupata nafasi ya kwenda Edinburgh mwaka 1949.

33. Mwaka 1962, uhuru ukiwa haujatimiza hata mwaka, Mwalimu aliandika kijitabu kiitwacho *Tujisahihishe*. Aliwaonya wana TANU wenzake juu ya ubinafsi, unafiki na woga wa kukosolewa. Tazama kitenzi alichochagua. Hakusema wasahihisheni. Alijiweka ndani yake.

34. Alipong'atuka alikalia kazi ya kuyageuza maandiko ya Agano Jipya kuwa tenzi za Kiswahili, zilizochapishwa mwaka 1996 kama *Tenzi za Biblia*. Jimbo la Musoma lilianzisha mchakato wa kumtangaza mwenye heri, na leo jina lake hutanguliwa na cheo kidogo kuliko vyote alivyowahi kuwa navyo: Mtumishi wa Mungu.

WALIOVUNJIKA

35. Uamsho wa Afrika Mashariki ulianzia Rwanda na Uganda mwishoni mwa miaka ya 1920, wimbo wake ukiwa *Tukutendereza*, ukavuka mpaka kuingia kaskazini magharibi mwa Tanganyika. Waliookoka waliitana ndugu. Walisema kutubu ni kuvunjika, na kuishi bila kuficha ni kutembea nuruni. Watu waliungama mbele ya wenzao, kisha wakarudisha ng'ombe, fedha na vitu vya wizi. Mzungu naye alisimama akaungama kiburi chake mbele ya Mwafrika, jambo ambalo enzi hizo za ukoloni halikuzoeleka hata kidogo.

36. Mmoja wa ndugu hao, Festo Kivengere wa Uganda, alifundisha Dodoma miaka mingi, hadi 1959. Baadaye akawa askofu wa Kigezi. Askofu Mkuu Janani Luwum wa Uganda alipouawa na utawala wa Idi Amin tarehe 16 Februari 1977, Kivengere alikimbia kwa miguu kuvuka milima kwenda Rwanda. Ijumaa Kuu ya mwaka huo, akiwa kanisani London, alitambua kwamba chuki yake kwa Idi Amin ilikuwa inamla yeye. Akatubu. Ndiyo, aliyedhulumiwa ndiye aliyetubu. Kitabu chake cha mwaka huo kilibeba tamko la kumpenda Amin kwenye jalada lake.

MAJIVU NA MIGUU

37. Majivu ya Jumatano ya Majivu hutokana na matawi ya Jumapili ya Matawi ya mwaka uliopita. Matawi tuliyopunga kwa shangwe ndiyo yanayochomwa na kupakwa usoni. Shangwe ya mwaka jana ni toba ya mwaka huu.

38. Alhamisi Kuu padre huosha miguu ya watu. Katika mji uliojengwa na miguu, tendo hili halihitaji maelezo. Tangu mwaka 2016, kwa agizo la Papa Francis, wanaooshwa wanaweza kuwa wanawake pia.

39. Tarehe 30 Septemba 2023 Tabora ilipata kardinali, Protase Rugambwa, wa tatu katika historia ya Tanzania baada ya Laurean Rugambwa na Polycarp Pengo. Nyekundu ya kardinali maana yake ni kuwa tayari kumwaga damu. Kila ukuu katika imani hii umefungwa pamoja na deni.

40. Na la mwisho. Yule kijana msomi aliyesoma ibada ya maziko kule Chitambo aliitwa Jacob Wainwright. Aliokolewa utotoni kutoka mikononi mwa wafanyabiashara ya watumwa, akasomeshwa Nasik, India, akapita Kwihara mwaka 1872 kati ya wale 57. Ni yeye pekee wa msafara aliyesafiri na jeneza mpaka London. Alikuwa miongoni mwa walioshika sanda ya jeneza ndani ya Westminster Abbey, bega kwa bega na mabwana wakubwa wa Uingereza.

Je, wajua alimalizia wapi? Alirudi Afrika, akahangaika huku na huko, mwishowe akatumika katika misheni ya Urambo, magharibi mwa Tabora, na huko akafariki mwaka 1892. Alikuwa ameona kaburi la mfalme na la mshairi, akarudi kwenye njia ya vumbi ambayo wengine kama yeye waliipita wakiwa na kongwa shingoni. Maziko aliyoyasoma yanakumbukwa dunia nzima. Ukipita Urambo, tua mzigo kidogo, umkumbuke na yeye.